Constantia, Stellenbosch au Franschhoek: ukienda Cape, uchague mashamba yapi ya mizabibu?

Mtu akitangaza kwamba anakwenda Cape Town, hakosi wa kumwambia apitie mashamba ya mvinyo. Ushauri ni mzuri, ila haujitoshelezi. Mashamba hayo ni mamia, yametawanyika kwenye mabonde yasiyofanana, na mgeni wa wiki moja ana siku moja au mbili tu za kuyapa. Sehemu zinazotajwa zaidi ni tatu, Constantia, Stellenbosch na Franschhoek, na wengi huchagua kwa kufuata jina la chupa waliyowahi kuiona dukani.

Mimi naanza na maswali mawili mengine: unasafiri na nani, na nani atashika usukani? Mvinyo mzuri upo sehemu zote tatu, hilo lisikusumbue. Miongozo mingi huandikwa kana kwamba kila msafara ni wapenzi wawili wanaokunywa wote. Misafara yetu haiko hivyo. Kuna anayependa mvinyo, kuna dada yake asiyegusa pombe, kuna watoto, na kuna mama ambaye raha yake ni kuona milima, kupiga picha na kula mezani bila haraka. Ulinganisho huu nimewaandikia watu wa msafara huo, na mnywaji wa kweli naye atapata la kwake.

Constantia: karibu na mjini

Constantia iko kilomita 20 hivi kutoka katikati ya Cape Town, upande wa pili wa mlima ule ule wa Table Mountain. Hapa ndipo Simon van der Stel, gavana wa Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, alipogawiwa ardhi mwaka 1685 akapanda mizabibu. Shamba lake lilikuja kugawanywa, na sehemu kubwa ndiyo Groot Constantia ya leo, yenye nyumba nyeupe ya paa la nyasi ambayo sasa ni makumbusho.

Kilichoipa Constantia jina ni mvinyo mtamu wa zabibu za Muscat. Katika karne ya 18 na ya 19 ulinywewa katika nyumba za kifalme za Ulaya, na Napoleon alipokuwa kifungoni kisiwani St Helena alikuwa akiletewa. Baadaye ugonjwa wa mizabibu uliharibu mashamba na mvinyo huo ukapotea, mpaka majirani wa Klein Constantia walipoufufua katika miaka ya 1980 kwa jina la Vin de Constance. Kama wewe ni wa vinywaji vitamu, usiondoke bila kuuonja, hata kama ni funda moja la glasi ndogo. Mengine ya hapa ni mvinyo mweupe usio na utamu, hasa Sauvignon Blanc, kwa sababu upepo wa ghuba ya False Bay huyapoza mashamba na zabibu hubaki na ukali wake.

Faida kubwa ya Constantia ni kwamba huhitaji gari. Teksi za simu ziko tele, na mabasi mekundu ya watalii yana njia inayozunguka mashamba ya huku. Bustani ya mimea ya Kirstenbosch, iliyoanzishwa mwaka 1913, iko jirani kabisa, hivyo wasiokunywa wanaweza kushinda huko wakati wengine wanaonja, kisha mkakutana kwa chakula cha mchana.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo mingi hailitaji. Katika barabara ya Klein Constantia, karibu na lango la shamba, kuna kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, mmoja wa viongozi wa Kiislamu waliopelekwa uhamishoni Cape na Waholanzi katika karne ya 17. Waislamu wa Cape humzuru mpaka leo. Ni mahali patulivu penye miti mikubwa na kijito, na kwa Mwislamu aliyefuatana na marafiki wanywaji, hapa pana sababu yake mwenyewe ya kuja Constantia.

Upungufu wake ni kwamba hutasahau kwamba uko mjini. Mashamba ni machache, yamezungukwa na nyumba za matajiri, na baada ya nusu siku umemaliza. Anayetafuta mabonde marefu na ukimya hatavipata huku.

Stellenbosch: kwa anayetaka kuujua mvinyo

Kilomita 50 kutoka Cape Town, na karibu zaidi ukitokea uwanja wa ndege, ndipo ulipo mji huu ambao van der Stel aliupa jina lake mwaka 1679. Ni mji wa chuo kikuu, wenye mialoni mikubwa kando ya mitaa na mifereji ya maji inayopita barabarani. Mtaa wa Dorp una nyumba za zamani zilizopangana kwa urefu mkubwa kiasi kwamba kuutembea tu ni burudani ya asubuhi nzima.

Katika mvinyo, Stellenbosch ndiyo kitovu cha Afrika Kusini. Njia ya kwanza ya kitalii ya mvinyo nchini ilianzishwa hapa mwaka 1971 na wenye mashamba ya Spier, Simonsig na Delheim, na leo mashamba ya kutembelea yanapita 100. Mwaka huo huo Simonsig walitengeneza mvinyo wa kwanza wa mapovu wa Afrika Kusini uliochachushwa mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, kama wanavyofanya huko Champagne, Ufaransa. Waliuita Kaapse Vonkel, na bado unauzwa.

Hata zabibu yenye asili ya Afrika Kusini ilizaliwa hapa. Mwaka 1925 Abraham Perold, profesa wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, alichanganya zabibu za aina mbili, Pinot Noir na Cinsaut, ambayo wakati huo huko iliitwa Hermitage. Mbegu nne zikaota, akazipanda kwenye bustani ya nyumba ya chuo aliyokuwa akiishi. Alipohama, bustani iliachwa ikajaa magugu, chuo kikatuma watu wa kuifyeka. Inasimuliwa kwamba mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, alikuwa akipita na baiskeli, akaikumbuka miche ile, akaiokoa. Zabibu hiyo ndiyo Pinotage, na yote inayonywewa duniani leo imetokana na miche hiyo minne. Ukitaka kuionja katika ubora wake, nenda shamba la Kanonkop, chini ya mlima Simonsberg. Ni mvinyo mwekundu mzito, na kwa nyama choma sijaona unaoushinda.

Kuonja kwenyewe hufanyika hivi. Mnakaa mezani, mhudumu anapanga glasi nne au tano mbele ya kila mmoja na kumimina kidogo kidogo, akianza na mweupe, kisha mwekundu, na mtamu mwishoni. Pembeni kuna kichombo cha kutemea. Usikionee haya: wanaofanya kazi hii hutema kila funda, maana ladha iko mdomoni na puani, na kumeza hakukuongezei chochote cha kujua. Zungusha glasi, inusie, onja, tema au mimina iliyobaki, nenda kwenye inayofuata. Ukimuuliza mhudumu kwa nini huu mwekundu unakausha ulimi na ule haukaushi, atafurahi kukueleza habari za maganda ya zabibu na mapipa ya mwaloni. Stellenbosch watu wanapenda maswali ya namna hiyo, ndiyo maana nasema mwenye hamu ya kujifunza aje huku.

Na ukipita dukani, tafuta chupa za Aslina. Ni za Ntsiki Biyela, binti wa KwaZulu-Natal aliyesoma Stellenbosch kwa ufadhili bila kuwahi kuonja mvinyo kabla ya hapo, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza Afrika Kusini kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo. Lebo yake ameipa jina la bibi yake.

Tatizo la Stellenbosch ni usafiri. Mashamba yametawanyika pande zote za mji, mengine juu kabisa kwenye pito la Helshoogte (njia inayovuka milima), ambako mashamba ya Tokara na Delaire Graff yanakupa mandhari ya bonde zima. Hakuna kinachoyaunganisha isipokuwa barabara. Bila gari lenye dereva utatumia nusu ya siku ukisubiri. Kwa watoto, shamba la Spier ndilo lenye nafasi: nyasi, bwawa, ndege wakubwa wawindao na chakula cha kukaa nje. Mashamba mengine mengi ni ya watu wazima kukaa na glasi, na mtoto wa miaka sita atachoka kabla ya glasi ya pili.

Kwa msafara wenye Waislamu, kumbuka kwamba kaburi la Sheikh Yusuf wa Makassar, aliyeletwa Cape mwaka 1694 na ambaye wengi humtaja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Uislamu Afrika Kusini, liko Macassar, upande huu wa Cape Town. Linaingia vizuri kwenye ratiba ya kutoka au kurudi.

Franschhoek: kwa familia, na kwa macho

Sasa nafika ninapopapendekeza kwa watu wengi zaidi. Franschhoek iko kilomita 75 hadi 80 kutoka Cape Town, mwisho wa bonde lililozibwa na milima pande tatu. Ukiingia kutoka Stellenbosch kupitia Helshoogte, ghafla milima inasimama mbele yako, miamba ya kijivu juu na mizabibu ya kijani chini, na gari zima linanyamaza.

Mwaka 1688 Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa baada ya Mfalme Louis XIV kuwanyang'anya uhuru wa kuabudu, walipewa ardhi kwenye bonde hili. Zamani tembo walikuwa wakija kuzalia humo. Majina ya mashamba bado ni ya Kifaransa, na mji wenyewe, ambao ni kama mtaa mmoja mrefu, umejaa migahawa inayosifika nchi nzima.

Kinachoitofautisha Franschhoek ni tramu. Tangu mwaka 2012 kuna tramu ya watalii inayopita kwenye reli ya zamani, ikisaidiana na mabasi, kwenye njia kadhaa zilizopewa rangi. Unachagua njia, unashuka shamba unalotaka, unakaa kama saa moja, unapanda inayofuata. Hakuna anayelazimika kubaki mkavu ili aendeshe, na watoto huifurahia safari yenyewe kuliko mashamba. Kata tiketi mapema, hasa Desemba na wikendi, na ujue kwamba nauli ya tramu ni mbali na ada ya kuonja. Kosa ninaloliona kwa wageni ni kutaka kushuka kila kituo. Mashamba matatu na chakula cha mchana yanatosha. Ukipita hapo, mvinyo wote unakuwa na ladha moja mdomoni.

Shamba la Haute Cabrière, juu ya barabara ya kupanda pito la Franschhoek, wanasifika kwa kufungua chupa za mvinyo wa mapovu kwa upanga. Mfunguaji anatafuta mstari wa mshono wa kioo, analaza chupa ikielekea mbali na watu, kisha anausukuma upanga kwa mkupuo mmoja juu ya mshono ule mpaka ugonge ukingo wa shingo. Hapigi, anateleza tu. Shingo na kizibo vinaruka pamoja, na msukumo wa ndani unaondoka na vipande vyote vya kioo. Asiyekunywa naye hujikuta anapiga makofi.

Kwa familia nzima, mashamba mawili yaliyo kabla ya kufika mjini ndiyo yanayonifanya niipe Franschhoek ushindi. Boschendal wanakupa kikapu cha chakula ukale nyasini chini ya miti, watoto wakikimbia. Babylonstoren, upande wa kuelekea Paarl, ina bustani kubwa ya matunda na mboga iliyopangwa kwa mistari, na kila kilichomo kinalika au ni dawa: maboga, ndimu, mapera, mimea ya chai. Mama yeyote aliyewahi kulima bustani hatataka kutoka. Mvinyo upo, lakini hata usipoonja tone, siku yako imekamilika.

Kwenye barabara ya kati ya Paarl na Franschhoek liko gereza la Drakenstein, zamani likiitwa Victor Verster. Kwenye lango lake Nelson Mandela alitoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990. Sanamu yake imesimama hapo, ngumi juu. Kusimama dakika kumi hakugharimu kitu, na sioni namna Mwafrika anavyoweza kupita njia hiyo bila kusimama.

Upungufu wa Franschhoek ni bei. Migahawa na vyumba vya kulala ni ghali kuliko Stellenbosch, na teksi za simu ni chache, hivyo ukikosa tramu ya mwisho utahangaika. Kwa mnywaji makini pia, tramu inaharakisha mno: hakuna muda wa kukaa na mtengenezaji mvinyo na kuuliza. Isipokuwa kama anapenda mvinyo wa mapovu, ambao hapa ni bora, huyo aende Stellenbosch.

Yaliyo chini ya mizabibu

Uzuri huu wote ulijengwa na mikono ya watumwa, walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Kengele za minara myeupe unazopiga nazo picha ndizo zilizowaamsha kwenda kazini. Baada ya utumwa kukomeshwa, ulienea utaratibu wa kuwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Ulipigwa marufuku, ila uliendelea mashambani kwa miaka mingi, na mkoa wa Western Cape bado una idadi kubwa ajabu ya watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe. Nalitaja hili kwa sababu ni sehemu ya kuchagua: Groot Constantia ina maonyesho kuhusu utumwa ndani ya makumbusho yake, na mwenye watoto wakubwa asiyapite. Unaweza kufurahia bonde na bado ukajua lililimwa na nani.

Usafiri, pesa na majira

Sheria ya Afrika Kusini inaruhusu dereva awe na pombe isiyofika gramu 0.05 kwa kila mililita 100 za damu. Fanya hesabu: mionjo mitano ya mililita 30 ni glasi moja kamili. Ukipita mashamba matatu bila kutema, umekunywa glasi tatu kabla ya saa tisa alasiri. Kodi gari lenye dereva, panda tramu, au awepo kati yenu asiyekunywa kabisa, naye achague mahali pa kula kama shukrani.

Ada ya kuonja katika mashamba mengi huwa kati ya randi 100 na 200 kwa mtu, zaidi kidogo kwa yale yenye majina makubwa, na baadhi hukufutia ukinunua chupa. Chupa ziweke kwenye begi la kuingia tumbo la ndege, zikiwa zimezungushiwa nguo. Watanzania na Wakenya hawahitaji viza kwa matembezi mafupi, lakini anayetoka Kenya, Uganda au Kongo asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Mavuno ni Februari na Machi, wakati mashamba yananukia zabibu zinazochachuka na watu wako kazini kweli. Aprili na Mei majani hugeuka rangi ya dhahabu, jua ni la wastani na wageni wamepungua. Kama tarehe ni yako kuchagua, chagua hapo. Juni hadi Agosti ni mvua na baridi, mizabibu imebaki vijiti vitupu, ila bei hushuka na mashamba huwasha moto wa kuni ndani.

Ukinilazimisha nikupangie: mwenye nusu siku aende Constantia. Mwenye siku moja na familia, Franschhoek kwa tramu, au Boschendal na Babylonstoren kwa gari. Wanaokunywa wote na wana siku mbili walale Stellenbosch, siku ya pili wavuke Helshoogte kuingia Franschhoek, ni kilomita 30 tu.

Na Dodoma je?

Swali hili huulizwa na Watanzania, na ni la haki. Dodoma ina mizabibu ya kweli, iliyoanza kupandwa na wamisionari, na maeneo kama Makutupora, Hombolo na Bihawana yanajulikana kwa zabibu. Ina jambo ambalo Cape haina: kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima akipogoa kwa wakati wake huvuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena kati ya Agosti na Septemba. Zao hili la kiangazi ndilo lenye sukari nzuri.

Kwa mandhari na huduma ya mgeni, Cape iko mbele, na sitakuficha. Dodoma huwezi kufika langoni ukategemea meza na glasi tano. Lakini tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, Dar hadi Dodoma ni safari ya saa nne au pungufu, na gharama yake haikaribii nauli ya ndege ya kwenda Cape. Siku ya pili unaweza kupanda Kondoa kuona michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Piga simu kiwanda cha mvinyo siku kadhaa kabla, omba mtu wa kuwatembeza shambani na kwenye matangi, na uende Agosti mwishoni, vichala vikiwa bado vinaning'inia.